Wembe wa Pande Mbili na Vishikio Vyake

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wembe hufanya kazi nyingi kabla haujafika kidevuni. Mwanafunzi huuchongea penseli, fundi cherehani huufumulia mshono, mama humkatia mtoto kucha. Ni bamba la chuma la milimita 43 kwa 22 hivi, unene wake kama sehemu moja ya kumi ya milimita, lenye makali pande zote mbili ndefu. Ukiingizwa kwenye kishikio ndipo unapokuwa chombo cha kunyolea ndevu. Nyembe zenyewe zina umbo moja duniani kote. Vishikio ndivyo vinavyotofautiana, na tofauti hizo ndogo kuliko punje ya mchele ndizo zinazoamua kama shingo italala salama au itawaka moto usiku kucha.

Nakivale iko wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, na imekuwa makazi ya wakimbizi tangu enzi za Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana sokoni. Kwa bidhaa hii hata mkalimani hahitajiki: Mnyarwanda na Mrundi husema urwembe, Mswahili husema wembe.

Kishikio cha kisasa kinatokana na King Camp Gillette, mfanyabiashara wa Marekani aliyepata hataza yake mwaka 1904. Kabla yake wanaume walitumia wembe wa kukunja, uliohitaji kunolewa kwenye ukanda wa ngozi na mkono usiotetemeka. Gillette alitaka wembe mwembamba, wa bei ndogo, ukiisha makali unatupwa. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyefanikisha kuunoa wembe mwembamba kiasi hicho kwa mashine. Hataza ilipokwisha mwaka 1921, wengine wakaruhusiwa kutengeneza, na ndiyo maana leo wembe wa Pakistani, India, Uturuki au Japani huingia katika kishikio chochote. Za zamani zilishika kutu upesi. Mwaka 1962 kampuni ya Wilkinson Sword ya Uingereza ilianza kuuza za chuma kisichoshika kutu, na wembe mmoja ukaanza kunyoa mara kadhaa badala ya moja au mbili.

Kishikio kina kofia, bamba la chini na mpini. Ukikaza mpini, kofia huukunja wembe juu ya bamba mpaka uwe mgumu na utulie. Kuna vipimo viwili vya kuangalia. Cha kwanza ni mwanya kati ya makali na ukingo wa bamba. Cha pili, ambacho wauzaji hawakitaji, ni kiasi ambacho makali huchomoza kupita mstari unaounganisha kofia na ukingo. Mwanya mpana hupitisha povu na nywele ndefu. Makali yaliyochomoza hukata karibu zaidi na ngozi, na hukata ngozi yenyewe ukikosea. Mwinamo unaofaa ni kama nyuzi 30, na uzito wa chuma ndio unaopaswa kushuka, si nguvu ya mkono.

Kwa vipimo hivyo, vishikio hugawanyika. Vyenye ukingo mzima, mfano Merkur 34C na Mühle R89 za Ujerumani, ni vipole. Vyenye ukingo wa meno kama chanuo hupitisha ndevu za wiki nzima bila kuziba, lakini meno si dalili ya ukali. Mühle R41 ina meno na ni kali kwelikweli kwa sababu makali yake yamechomoza. Vipo vya meno vilivyo vipole kabisa. Kuna vilivyopindishwa, kama Merkur 37C, ambamo wembe hukata kwa mshazari. Aliyewahi kukata muwa anajua: panga linaloingia upande hupita, linalotua wima hukwama. Vya kurekebisha, kama Gillette ya mwaka 1958 yenye namba 1 hadi 9 au Merkur Progress, humwachia mwenyewe kupanua mwanya. Ni vizuri kwa mtu mvumilivu. Wengi hupandisha namba kila siku mpaka damu iwarudishe chini.

Ndevu za kipilipili ndizo zinazobadilisha hesabu yote hii. Hutoka kwenye tundu lililopinda, na zikikatwa hubaki na ncha iliyochongoka. Unywele ukikua hujikunja na kuchoma ngozi jirani. Ukiwa umekatwa chini ya usawa wa ngozi, hutoboa ukuta wa tundu lake kabla haujatoka nje. Mwili huupokea kama mwiba, na hapo ndipo vipele vya shingoni hutokea. Vinyoleo vya plastiki vyenye nyembe mbili au tatu zilizopangwa pamoja huzidisha tatizo: wa kwanza huvuta unywele, wa pili huukata, kisha kilichobaki huzama. Ndiyo maana kwa ndevu hizi nakipendelea kishikio kipole chenye ukingo mzima, wembe mmoja mpya, mpito mmoja kufuata mlalo wa nywele, bila kuvuta ngozi. Kidevu hakitateleza kama yai. Na kisiteleze.

Nakivale maji hukaa kwenye jerikeni na vumbi liko kila mahali, kwa hiyo kishikio cha vipande vitatu hushinda kile kinachofunguka kama milango miwili: hufunguliwa chote na kusuuzwa kwa kikombe kimoja. Shaba na chuma hudumu. Vingi vya bei nafuu ni vya mchanganyiko wa zinki uliopakwa kromu, na kikianguka kwenye saruji mara nyingi ni kijiti chenye nyuzi za kukazia kinachokatika.

Kwa kinyozi suala ni jingine. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata katika damu iliyokauka usiyoiona. Kofia na bamba huficha damu, kwa hiyo kishikio cha namna hii ni mali ya mtu mmoja. Kinyozi mwangalifu hutumia kile cha wazi kinachobeba nusu ya wembe, huuvunja mpya mbele ya mteja na kuutupa ndani ya kopo lenye mfuniko. Mteja naye haoni haya kusema, “Kaka, fungua mpya nione.” Shabu iliyoloweshwa kidogo hufunga michubuko, lakini haiui virusi.

Mwenye kwenda kununua chake Mbarara, kilomita zisizozidi 100 kutoka makazini, aende na wembe mfukoni, ndani ya karatasi yake. Aufunge kwenye kishikio palepale kaunta, akielekeze kwenye mwanga wa mlango, akitazame kutoka kichwani. Makali yachomoze sawasawa kushoto na kulia. Upande mmoja ukizidi, afungue, akaze tena; ukizidi tena, akirudishe juu ya kaunta.