Kufunga tairi la shamba nyumbani: hatari kubwa iko kwenye upepo

Masika yakikolea huku Kyela, njia za mashambani hugeuka tope tupu, na ndipo wengi hutafuta matairi yenye meno makubwa kwa ajili ya Land Cruiser, trekta au pawatila ya kulimia mpunga. Fundi yuko mbali, Kasumulu au Kyela mjini, hivyo tairi hufungwa uani kwa mitaimbo, nguvu za vijana wawili na mashine ya upepo ya kuazima. Kazi hiyo inawezekana. Ila watu huogopa jeki tu, na jeki kweli inaua, halafu wanainama juu ya tairi linalojazwa upepo kana kwamba ni mpira wa watoto.

Tupige hesabu kidogo. Ubavu mmoja wa tairi la Land Cruiser la 7.50-16 una eneo la zaidi ya inchi za mraba 500. Ukijaza hadi PSI 40, kila inchi ya mraba inasukumwa kwa pauni 40. Jumla ni pauni 20,000, yaani tani 9 hivi. Mdomo wa tairi ukikatika au rimu ikifunguka, nguvu hiyo yote inatoka kwa mara moja, na kinachorushwa ni chuma.

Kwanza angalia kama tairi na rimu ni vya saizi moja. Namba ya mwisho ubavuni mwa tairi, 15 au 16 kwa mfano, lazima ilingane na ya rimu. Tairi la 15 halikai kwenye rimu ya 16 hata ulipige nyundo mpaka jioni, na ukililazimisha kwa upepo waya wa mdomoni hukatika. Kwa tairi la mtumba, tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1422 maana yake limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2022. Lililozidi miaka 10 liache, hata kama meno bado yamesimama.

Kabla ya kubandua tairi la zamani, toa upepo wote. Fungua kipini kidogo kilicho ndani ya valvu, subiri sauti iishe, kisha pitisha waya mwembamba kwenye tundu kuhakikisha halijaziba kwa tope. Fanya hivyo gari likiwa bado chini, nati zikiwa bado zimekaza. Udongo wa huku ni laini, kwa hiyo jeki ikae juu ya ubao mpana, magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe, na mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Sugua kutu kwenye rimu kwa brashi ya waya. Paka mdomo wa tairi maji ya sabuni, si grisi wala oili chafu, kwa kuwa mafuta hayo hula mpira. Kama lina tyubu, pukuta mchanga wote ndani, nyunyiza poda, jaza upepo kidogo, toa, kisha jaza tena ili tyubu ijinyooshe. Tairi la trekta litazame vizuri: mshale ulio ubavuni ufuate mwendo wa mbele, la sivyo meno hayatajisafisha tope.

Sasa upepo. Tumia mpira mrefu, wenye kichwa kinachojishika chenyewe kwenye valvu, na geji iwe upande wako. Simama mbele ya meno ya tairi, kamwe si mbele ya ubavu. Watoto na kuku waondoke. Wakati wa kukalisha mdomo usivuke PSI 40 kwa gari, au 35 kwa trekta. Ukifika hapo na mdomo haujakaa, toa upepo, paka sabuni tena, anza upya. Kuongeza "kidogo tu" ndiko kunakovunja mikono. Mdomo ukishakaa pande zote, ndipo ujaze hadi kipimo cha gari.

Tairi lisilo na tyubu likigoma kushika upepo, lizungushe kamba imara katikati ya meno, ikaze kwa kijiti, na uilegeze mara tu mdomo unaposhika. Usimwage petroli wala kupuliza dawa ya mbu na kuwasha kiberiti. Ni mchezo unaofurahisha kwenye video za simu. Mlipuko wa namna hiyo hauna geji. Vilevile, usichomelee rimu ikiwa na tairi, hata kama halina upepo.

Kuna kazi mbili ambazo sisi tunashauri usizifanye nyumbani hata kidogo. Ya kwanza ni rimu ya vipande, ile yenye pete ya kufungia, iliyoko kwenye Land Cruiser za zamani na malori. Pete hiyo ikiruka hupasua kichwa. Sheria ya kazi nchini Marekani inataka ijaziwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa hiyo tafuta fundi mwenye nacho. Ya pili ni tairi la lori lililotembea bila upepo wa kutosha. Nyaya za ubavuni huwa zimekatika bila kuonekana. Ukijaza ukasikia milio kama bisi zinazopasuka, ondoka hapo haraka.

Nati zikazwe kwa kupishana, moja hapa na ya pili upande wa pili, kwanza kidogo, kisha kabisa gari likishushwa. Baada ya kilomita 50 hivi, simama ukaze tena.