M' ya Wameru: Asili ya Jina Linaloadimika

Ukiangalia orodha yoyote ya majina ya Wakenya, yapo machache ambayo humtambulisha mwenyewe kabla hata hajafungua kinywa. Miongoni mwa hayo ni majina ya Wameru yanayoanza kwa herufi M ikifuatwa na ritifaa: M'Inoti, M'Imanyara, M'Mukindia, M'Mithiaru. Hakuna jamii nyingine nchini iliyo na majina yenye sura hii. Wanafunzi wangu huniuliza maswali mawili kuyahusu. Je, hiyo M' ilitoka wapi? Na mbona siku hizi haionekani sana?

Maswali haya yanastahili kujibiwa pamoja. Nitakachojaribu kuonyesha katika makala haya ni kwamba M' ni kipashio chenye kazi yake katika sarufi ya jina, na kwamba kuadimika kwake kumeletwa na karatasi zetu kuliko na watu wenyewe. Tena jambo hili si la wanaisimu peke yao. Kuna familia ambazo zimehangaika mahakamani miaka na mikaka kwa sababu ya ritifaa moja iliyodondoka.

Tuanze na ramani. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru, 393,177 Tharaka-Nithi na 608,599 Embu. Lugha za eneo hili ni za ukoo mmoja wa Kibantu, na mtu wa Embu na mtu wa Chuka wakiketi pamoja hawahitaji mkalimani. Hata hivyo, majina hayafuati lugha sako kwa bako. Majina ya M' ni mengi hasa upande wa Imenti, Tigania na Igembe. Ukiteremka kusini hadi uvuke Mto Thuci uingie Embu, unakutana na akina Njeru, Nyaga, Ireri, Njiru na Mugo. M' huioni tena.

Tofauti hiyo ina maelezo yake. Waembu, kama jirani zao Wakikuyu, wana utaratibu wa kurithisha majina: mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa upande wa nyanya zao. Utaratibu huu huyazungusha majina yale yale kizazi baada ya kizazi, ndiyo maana shule moja ya Embu inaweza kuwa na akina Njeru darasa zima. Wameru nao huwakumbuka jamaa zao, lakini mara nyingi kinachorithiwa ni sifa ya mtu wala si jina lenyewe. Jamaa akiwa mkulima hodari, mtoto anaitwa Kirimi, au Karimi akiwa msichana. Akiwa msemaji na mwamuzi, Mugambi. Akiwa na mali, Gitonga. Akiwa mfugaji, Murithi. Mtu mmoja anaweza hivyo kukumbukwa kwa majina matatu tofauti katika nyumba tatu.

Kwa hiyo, kabla ya ukoloni hapakuwa na jina la ukoo kwa maana tunayoijua leo, yaani jina moja linalobebwa na baba, mwana, mjukuu na kitukuu. Palikuwa na jina la mtu na namna ya kusema yeye ni wa nani. Hapo ndipo M' inapoingia.

Kwa kawaida M' hufasiriwa kuwa "mwana wa". Kirugi M'Mukindia, aliyewahi kuwa mbunge na waziri, kwa tafsiri hiyo ni Kirugi mwana wa Mukindia. Tafsiri hii ina mashiko, nayo inaiweka M' pamoja na ndugu zake wengi: arap ya Wakalenjin, ole ya Wamaasai, bin ya Waswahili na Waarabu, wa ya Wakikuyu, na hata Mac ya Waskoti. Lakini haitoshi. Mwanahistoria Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru karibu na mwaka wa 1970, aliandika majina ya baadhi yao kwa muundo wa "M'fulani wa fulani". Tazama vizuri. Ikiwa "wa" ndiyo inayomtaja baba, basi M' iliyotangulia haiwezi kuwa inafanya kazi ile ile. Hapo imeshikamana na jina la mzee mwenyewe. Kwa masikio ya Mmeru ina uzito wa utu uzima na heshima, kama vile sisi tunavyosema "Mzee Fulani" badala ya Fulani mtupu.

Wapo wanaodhani kwamba M' ni kiambishi mu- cha ngeli ya kwanza kilichofupishwa, kama m- ya mtu au mtoto. Dhana hii inavunjwa na majina yenyewe. Jina Mukindia tayari lina mu- yake mwanzoni, na bado linapokea M' na kuwa M'Mukindia. Kama M' ingekuwa ni ile ile mu-, tusingehitaji mbili. Imanyara nalo linabaki na irabu yake ya mwanzo likiwa M'Imanyara. Kumbe M' husimama nje ya jina, na ritifaa ndiyo inayotuambia mpaka uko wapi. Waandishi wa kwanza wa Kimeru kwa hati za Kirumi waliiona haja hiyo. Hatuna budi kuwashukuru, kwa kuwa Minoti na M'Inoti si kitu kimoja: la kwanza halionyeshi shina, la pili linalionyesha.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kulielewa hili. Ng'oa na ngoa ni maneno mawili, na ng'ombe bila ritifaa ni kosa ambalo mwalimu wa darasa la tatu halisamehi. Tunajua kwamba alama hiyo ni sehemu ya tahajia. Mbona basi ikifika kwenye jina la mtu tunaiona kama pambo?

Sasa tuje kwenye historia ya maandishi. Embu ilitwaliwa na Waingereza mwaka wa 1906, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Meru. Ofisa wa kwanza wa Meru, Edward Horne, alibandikwa na wenyeji jina la Kangangi, yaani mtangatangaji mdogo, kwa sababu hakutulia mahali pamoja. Kwa hivyo wenyeji walimpa mgeni jina kwa kawaida yao, kutokana na tabia. Mgeni naye aliwapa wenyeji majina kwa kawaida yake, kutokana na daftari. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande chenye jina lake na la baba yake. Daftari la kodi ya nyumba lilitaka jina. Misheni nazo zilitaka jina la ubatizo pamoja na jina la nyumbani: Kigari kule Embu, Kaaga karibu na mji wa Meru, na Chogoria ambako Daktari Clive Irvine alifika mwaka wa 1922. Namna ya kusema mtu ni wa nani, ambayo ilikuwa ikibadilika kila kizazi, sasa ikagandishwa kwa wino.

Mwanzoni M' ilinufaika na mgando huo. Mchungaji Filipo M'Inoti, miongoni mwa Wameru wa kwanza kuwa wachungaji katika Kanisa la Methodist, aliacha mswada kuhusu asili ya Wameru na tabia zao, na lugha aliyoichagua ilikuwa Kiswahili. Watafiti waliofuata wameutegemea sana mswada huo. Mwaka wa 1992 Alfred M'Imanyara alichapisha kitabu cha Kiingereza kuhusu chimbuko la Wabantu na historia ya Wameru. Katika Mahakama ya Rufaa tumekuwa na Jaji Kathurima M'Inoti. Bungeni alikuwako Ntoitha M'Mithiaru wa Igembe Kaskazini. Hawa wote wameibeba M' yao hadharani, na ritifaa yake.

Lakini jina lile lile la Imanyara unalikuta bila M' kwa Gitobu Imanyara, wakili aliyeanzisha jarida la The Nairobi Law Monthly mwaka wa 1987. Sisemi ni ukoo mmoja; nasema jina linatembea kwa miguu miwili. Baimungi, yule kiongozi wa Mau Mau aliyeuawa mwaka wa 1965 wakati nchi tayari ina uhuru, vitabu vingine humwandika Baimungi M'Marete na vingine Baimungi Marete. Ikiwa jemadari anayetajwa vitabuni hana tahajia moja, mkulima wa Nkubu au Maua atakuwa nayo wapi?

Hili linatupeleka kwenye swali la idadi. Anayetaka kuhesabu majina ya M' leo atakumbana na adha ya kwanza: jina moja limegawanyika mara nne. Kuna M'Inoti, kuna M Inoti lenye nafasi katikati, kuna Minoti, na kuna Inoti. Kompyuta huyahesabu kama majina manne ya watu wasiohusiana. Hata kuyapanga kwa alfabeti ni kazi, kwani karani mmoja ataliweka chini ya M na mwenzake chini ya I. Kwa hiyo upo uadimu wa aina mbili. Mmoja ni wa kweli: vijana wengi wa Meru huchukua jina la baba bila M', na katika orodha za madarasa niliyofundisha, M' imezidi kupungua. Wa pili ni wa bandia: jina lipo, ila limefichwa na tahajia.

Kompyuta nayo ina lawama zake. Katika programu nyingi za kuhifadhi data, ritifaa ni alama ya kuonyesha mwanzo na mwisho wa maandishi. Mtunzi wa programu asipoweka tahadhari, mashine huona jina limekatika katikati na kulikataa. Watu wa Ireland wenye majina kama O'Brien wanaijua vizuri kero hii. Mmeru anapojaza fomu mtandaoni akaambiwa jina lake "si sahihi", hufanya ambalo mimi na wewe tungefanya: anaiondoa alama, anaendelea na shughuli zake. Mtoto wake atasajiliwa kwa jina hilo jipya.

Je, ni wapi basi M' ingali tele? Pitia hukumu za Mahakama Kuu ya Meru kuhusu mirathi. Utakuta kesi baada ya kesi zenye jina la M'fulani, na baada yake neno "marehemu". Hapo ndipo jina hili limehamia: kwenye mashauri ya urithi na kwenye mawe ya makaburi.

Na hapo ndipo gharama inapoonekana. Tuchukue mfano wa kubuni. Shamba liliandikishwa wakati wa ugawaji wa ardhi kwa jina la M'Fulani. Kitambulisho cha mzee kilisema Mfulani. Cheti cha kifo kikasema Fulani. Mwanawe ana Fulani, binti yake ana M Fulani. Mzee akifariki, watoto watahitaji barua ya chifu, hati za kiapo na pengine mashahidi wa kueleza kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Penye amani ni usumbufu tu wa nauli na ada ya wakili. Penye ugomvi, ndugu mmoja anaweza kuitumia tofauti hiyo kudai kwamba dada yake si mtoto wa mwenye shamba. Mara nyingi anayeumia ni binti, maana hata bila hila ya tahajia yupo anayesema hastahili kurithi.

Embu inatupa kinyume cha kisa hiki. Mji wa Runyenjes ulipata jina kutokana na chifu wa enzi za ukoloni aliyeitwa Runyenje. Waingereza walisema mahali pale ni "pa Runyenje", kwa ritifaa na s ya Kiingereza, kama walivyofanya kwa Nabongo Mumia tukapata Mumias. Ritifaa ikaanguka, s ikabaki imeng'ang'ania, na leo hakuna anayeshangaa. Sarufi ya mgeni imeota mizizi katika jina la mji wetu, ilhali sarufi ya mwenyeji inang'olewa katika jina la mtu.

Sipendekezi kila Mmeru arudishe M'. Jina ni la mwenyewe, na aliyeamua kuliacha kwa hiari ana haki yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alianza kuchapisha akiitwa James Ngugi, kisha akaamua vinginevyo; uamuzi ulikuwa wake. Ninachokipinga ni karani au mashine kumwamulia mtu. Wasajili waandike jina jinsi mwenyewe anavyoliandika. Watunzi wa programu za serikali waikubali ritifaa, kwa kuwa dawa yake inajulikana na si ghali. Wahariri wa magazeti, hili letu likiwemo, waache kuandika Minoti leo na M'Inoti kesho katika habari ya mtu mmoja.

Nawe msomaji, ikiwa babu yako alikuwa M'fulani, fungua sanduku la nyumbani. Linganisha hati ya shamba, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Kama majina hayaoani, yarekebishe wazee wanaojua ukweli wangali hai.