UZI: Ati wazee hawataki kupimwa tezi dume?

1/ Msimu wa siasa ukifika, utasikia mawili: "wanaume ni wakaidi" na "tutawapima wazee wote bure." Yote mawili yanaruka historia. Twende polepole.

2/ Kliniki zetu nyingi zilipangwa kwa ajili ya mama na mtoto: wajawazito, chanjo, uzazi wa mpango. Ziliokoa maisha, hakuna ubishi. Lakini mwanaume akimaliza chanjo za utotoni, hapewi tena tarehe ya kurudi. Anarudi akiugua. Na saratani ya tezi dume mwanzoni mara nyingi haina dalili.

3/ Kipimo chenyewe nacho kina utata. Marekani iliidhinisha PSA, kipimo cha damu, kwa kusaka saratani hii mwaka 1994. Mwaka 2012 jopo la wataalamu huko likashauri wanaume wasipimwe kwa mazoea tu, maana wengine walikuwa wanatibiwa uvimbe ambao haungewaua. 2018 likalegeza: wa miaka 55 hadi 69 waamue na daktari wao.

4/ Huku kwetu wengi hufika wamechelewa. Kwa miongo, hospitali ya umma yenye mionzi ilikuwa KNH pekee, Nairobi, kama kilomita 300 kutoka Eldoret. Sasa mzee apimwe, akipatikana nayo aende wapi?

5/ Sheria ya saratani ilipitishwa 2012. Mwaka uliofuata ugatuzi ukaanza: zahanati zikaenda kaunti, MTRH ikabaki kwa serikali kuu. Kwa hivyo mzee anayepimwa Ziwa, PSA ikiwa juu, anatumwa MTRH. Ametoka serikali moja akaingia nyingine, na hapo katikati ni rahisi kupotea.

6/ Na Eldoret tunajua inawezekana. AMPATH ilianza hapa 2001 wakati wa HIV. Baadaye wahudumu walipita nyumba kwa nyumba wakipima, na aliyepatikana na virusi alielekezwa kwenye dawa. Wanaume walipimwa pia. Wakaidi ni hao hao?

7/ Kwa hivyo mgombea akiahidi kambi ya kupima bure, muulizeni matatu: Nani atawaeleza wazee faida na madhara kabla ya sindano? PSA ikiwa juu, nani analipia uchunguzi wa nyama? Na matibabu, ni kaunti au serikali kuu?

8/ Akijibu la kwanza tu, hiyo ni kambi ya picha. Mpelekee mzee wako huu uzi, na umuulize kama kuna mtu wa familia aliyewahi kuugua. Hilo halihitaji bajeti.