Vitamini D na ugonjwa wa tezi ya shingo: unachopaswa kujua

Je, shingo yako imevimba, au unachoka kila siku bila sababu? Huenda jirani amekuambia kuwa jua au vidonge vya vitamini D vitakuponya. Soma hapa kwanza, kabla hujaacha dawa zako.

Ugonjwa huu ni nini?
Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo. Homoni zake huongoza jinsi mwili unavyotumia nguvu. Kwa baadhi ya watu, hasa wanawake, kinga ya mwili huishambulia tezi hiyo kimakosa.

- Ugonjwa wa Hashimoto: tezi hudhoofika. Unachoka, unahisi baridi, unaongezeka uzito, unapata choo kigumu.
- Ugonjwa wa Graves: tezi hufanya kazi kupita kiasi. Moyo unaenda mbio, unakonda, mikono inatetemeka.

Shingo inaweza pia kuvimba kwa kukosa madini ya iodini. Pikia chumvi yenye iodini.

Vitamini D inahusikaje?
Wagonjwa wengi wa aina hii hupimwa na kukutwa na vitamini D kidogo. Hilo halithibitishi kuwa upungufu huo ndio ulioleta ugonjwa, na vitamini D haichukui nafasi ya dawa ya tezi.

Je, hapa Adumi mtu anaweza kupungukiwa?
Ndiyo, ingawa jua lipo mwaka mzima. Anayeshinda ndani, mzee asiyetoka na anayejifunika mwili wote hupata jua kidogo. Mukene, kiini cha yai na maini pia vina vitamini D.

Kama unatumia levothairoksini
Imeze kwa maji asubuhi, kabla ya kula. Subiri saa 4 ndipo umeze vidonge vya kuongeza damu au kalsiamu, kwa sababu huizuia dawa kuingia mwilini. Ukipata mimba, usiache dawa. Mwambie mkunga mapema: homoni zikipungua, mimba inaweza kuharibika na ubongo wa mtoto kudhurika.

Uende wapi?
Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, kama Adumi HC IV. Uliza kuhusu kipimo cha damu cha TSH na rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Arua. Mkimbizi ana haki ya kutibiwa katika vituo vya serikali kama raia.

Ukishindwa kupumua au kumeza kwa sababu ya uvimbe, nenda mara moja.