SRI ya Mwea: Muujiza, au Kipimo Kibovu?

Leo tuache kompyuta kidogo tuzungumze mpunga. Mimi huandika programu nikiwa hapa Wang'uru, na ukiishi Mwea huwezi kukwepa habari za mpunga. Tena historia hii inatuhusu sana sisi watu wa kompyuta.

Kilimo shadidi, ambacho wengi hapa wanakijua kama SRI, kilianzia Madagaska. Mwaka 1983 padri Mjesuti kutoka Ufaransa, Henri de Laulanié, aliona kwamba miche michanga sana, ikipandwa mmoja mmoja na kwa nafasi pana, inachipua vizuri ajabu. Mbinu iliyotokea ni hii: miche ya siku 8 hadi 12, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, shamba linaloweshwa na kukaushwa kwa zamu badala ya kujazwa maji msimu mzima, na palizi ya mara kwa mara. Hakuna mbegu mpya, hakuna dawa.

Katika miaka ya 1990 Profesa Norman Uphoff wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliibeba habari hiyo duniani. Kutoka Madagaska zikaja taarifa za tani 15, hata zaidi ya 20, kwa hekta. Hapo ndipo wataalamu wa mimea walipokunja uso, kwa sababu mwanga wa jua unaofika shambani una kikomo cha nafaka unachoweza kuzalisha. Mwaka 2004 Sinclair na Cassman walizifananisha taarifa hizo na visahani vinavyoruka angani: vinaonwa na wengi, havipimwi na yeyote.

Baadhi ya watetezi wakajibu kwamba mbinu hii inapigwa vita kwa kuwa haimpi mtu yeyote mbegu wala kemikali za kuuza. Hoja tamu hiyo. Lakini faida ya mtu inakueleza kwa nini umshuku tu, haikupimii gunia hata moja. Na utaificha vipi mbinu ambayo mkulima yeyote anaweza kuijaribu kwenye jaruba lake?

Jibu zuri zaidi lilitoka Cornell kwenyewe. Mwaka 2006 McDonald, Hobbs na Riha walikusanya majaribio yaliyolinganisha SRI na kilimo bora cha kawaida. Nje ya Madagaska, katika majaribio 24 kati ya 35, SRI ilishindwa. Kumbe ushindi mwingi ulipatikana kwa kushindana na shamba lililotunzwa ovyo! Mwandishi wa programu anaujua ujanja huu: noa programu yako, sakinisha ya mwenzako vibaya, kisha pima kasi. Utashinda kila siku.

Basi ni uongo mtupu? La. SRI ilifika Mwea mwaka 2009, Profesa Bancy Mati wa JKUAT akiwa mstari wa mbele. Ilipolinganishwa na kilimo cha hapa cha kujaza maji, matumizi ya maji yalipungua kwa zaidi ya robo, na mavuno yakapanda kwa takriban theluthi. Theluthi si muujiza. Lakini kwa mkulima wa Pishori anayengoja zamu yake ya maji mferejini, hiyo robo ya maji ni habari kubwa. Gharama yake nayo ipo: shamba lisilofunikwa na maji huota magugu, na palizi inataka mikono.

Ndiyo maana sipendi neno "muujiza", na sipendi pia dharau ya kukataa kila kitu. Tani 20 zilibaki hadithi, ila maji yaliyookolewa yalipimwa hapa hapa.

Kwa hiyo mtu akikujia na mbolea ya maajabu, au kifaa ambacho "wakubwa hawataki ukijue", muulize swali moja: umelinganisha na nini? Akikosa jibu, mpe pembe ya jaruba moja na jirani yake ulime ulivyozoea, kwa uangalifu ule ule. Usimpe shamba zima. Msimu mmoja ukiharibika, karo ya watoto imekwenda na maji.