Nani Amtathmini Mchungaji? Toba, Madaraka na Ukuaji wa Kiroho katika Makanisa ya Mara

Ikisiri

Makala haya yanajadili kujitathmini kwa viongozi wa Kikristo kwa kutumia historia ya Mkoa wa Mara tangu mwaka 1934. Yanadai kwamba tathmini anayojifanyia kiongozi peke yake haitoshi kupima ukuaji wake wa kiroho. Inahitaji wenzake walio huru kumwambia ukweli, na inahitaji utaratibu unaogusa madaraka yenyewe. Uamsho wa Shirati wa mwaka 1942 na tathmini ya Azimio la Arusha ya mwaka 1977 vinachambuliwa kama mifano miwili ambayo kila mmoja ulikuwa na sehemu tu ya kinachohitajika.

Utangulizi

Mwaka unapokwisha, viongozi wa parokia na sharika huandaa taarifa: waliobatizwa, waliopata kipaimara, ndoa zilizofungwa, zaka na sadaka, hatua ya ujenzi. Taarifa hizo ni za lazima, maana kanisa lisilojua idadi ya watu wake wala kiasi cha fedha zake haliwezi kupanga kazi. Hata hivyo, hazisemi lolote juu ya mtu aliyeziandika. Mchungaji aweza kujaza kila safu pasipo kuulizwa amekuwa mtu wa namna gani kwa mwinjilisti anayemsaidia, kwa mweka hazina anayemdai stakabadhi, au kwa mjane aliyemngoja barazani. Maswali hayo huachiwa sala ya faragha na mafungo ya mwaka, kwa kudhani kwamba dhamiri ya mtu wa Mungu itajisimamia.

Maandiko hayaungi mkono dhana hiyo moja kwa moja. Katika sura ya nne ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, Mtume Paulo anaeleza kwamba dhamiri yake haimshtaki kwa jambo lolote, lakini papo hapo anakiri kwamba hilo halitoshi kumhesabia haki. Wahenga wetu walilifikia jambo hilohilo kwa njia yao: mganga hajigangi. Basi swali la makala haya si kama kiongozi ajitathmini, bali ajitathmini mbele ya nani, na tathmini hiyo ibadili nini.

Shirati, 1942: toba mbele ya ndugu

Wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani walifungua kituo chao cha kwanza Shirati mwaka 1934. Vikafuata Bukiroba karibu na Musoma, Mugango, na Bumangi katika nchi ya Wazanaki. Walifanya kazi miongoni mwa Wajaluo na makabila ya Kibantu waliokuwa na migogoro yao ya siku nyingi, nao wenyewe walileta mpaka mwingine, ule uliotenga Mzungu na Mwafrika. Mmisionari ndiye aliyekuwa mwalimu, msimamizi wa nidhamu na mtunza fedha, na hapakuwa na mkutano ambamo Mwafrika angeweza kumhoji.

Agosti 1942 Uamsho wa Afrika Mashariki, uliokuwa umechipuka Rwanda na Uganda na kuenea hadi Bukoba, uliwaka Shirati. Kiini chake kilikuwa kile ambacho ndugu wa Uamsho walikiita kutembea nuruni: mtu kusema dhambi yake waziwazi mbele ya wenzake, kuomba radhi kwa jina la aliyemkosea, na kurudisha alichochukua. Zedekia Kisare, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa la Kimennonite lililotokana na misheni hiyo, aliyaeleza mambo hayo katika wasifu aliomsimulia Joseph Shenk, uliochapishwa mwaka 1984. Maelezo yake yanaonyesha kwamba badiliko kubwa lilikuwa la mahusiano. Wamisionari walitubu kiburi chao mbele ya Waafrika, na watu wa makabila mbalimbali wakaanza kuitana ndugu.

Kwa mtazamo wa kujitathmini, Uamsho ulifanya jambo ambalo mafungo ya faragha hayawezi kulifanya: ulimpa aliye chini nafasi ya kumsikiliza aliye juu akikiri, na kumwambia iwapo kukiri huko kumekamilika. Mmisionari aliyetubu hasira zake mbele ya mpishi wake alikuwa amempata mtu wa kumkumbusha siku hasira hizo zitakaporudi. Dhamiri ikapata mashahidi.

Hata hivyo, tarehe zinatulazimisha kuuliza zaidi. Wachungaji wa kwanza Waafrika waliwekewa mikono mwaka 1950, kanisa likajitegemea kikatiba mwaka 1960, na Kisare akawekwa wakfu kuwa askofu Januari 1967. Kati ya toba ya kiburi na kiti cha uaskofu kulipita karibu miaka 25, na Tanganyika ilikuwa imekwisha kupata uhuru. Ziko sababu za kweli za ucheleweshaji huo, zikiwamo mafunzo ya watumishi na taratibu za kanisa mama. Lakini miaka hiyo yatuonyesha mpaka wa toba: ndugu waliosameheana kwa machozi waliendelea kukaa katika mpango wa madaraka ambao toba yao haikuugusa. Moyo ulitathminiwa, ofisi haikutathminiwa.

Butiama, 1977: tathmini iliyoandikwa

Mfano wa pili unatoka nje ya kanisa, kwa Mkristo wa mkoa huohuo. Julius Nyerere wa Butiama, aliyesoma Mwisenge mjini Musoma na kubatizwa Mkatoliki mwaka 1943, akiwa rais aliongoza kutangazwa kwa Azimio la Arusha, tamko la ujamaa na kujitegemea, Februari 1967, mwezi uliofuata baada ya Kisare kuwekwa wakfu. Azimio lilikuwa na masharti ya uongozi yaliyoandikwa: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kiongozi alipimwa kwa mambo ambayo jirani yake aliweza kuyaona.

Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma ikapitia upya sera ya elimu. Azimio la Musoma likaamua kwamba, kwa kawaida, anayetaka kuingia chuo kikuu aende kwanza kazini, na pamoja na matokeo ya mtihani yahitajike maoni ya waliofanya naye kazi. Mwaka 1977 Nyerere mwenyewe akatoa kijitabu cha kutathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, akakiri kwamba Tanzania haikuwa nchi ya kijamaa wala haikuwa imejitegemea. Ni nadra kiongozi aliye madarakani kuandika hivyo juu ya kazi yake.

Tathmini hiyo nayo ilikuwa na pengo, kinyume cha pengo la Shirati. Vigezo vilikuwapo, tarehe ilikuwapo, maandishi yalikuwapo, lakini mtathmini na mtathminiwa walikuwa mtu mmoja, ndani ya mfumo wa chama kimoja. Wanakijiji waliohamishwa kwa nguvu wakati wa Operesheni Vijiji, kampeni ya kuwakusanya watu katika vijiji vya pamoja, hawakuwa na mahali pa kusema mapungufu yalikuwa yapi kwa macho yao. Matokeo yake, makosa mengi yalionekana kuwa ya utekelezaji, na njia yenyewe ikabaki sahihi. Heshima ambayo Kanisa Katoliki linampa Nyerere, hata Jimbo la Musoma kuanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, haituzuii kuliona hilo. Unyofu wa mtu haumpi macho ya wengine.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba kumweka mchungaji mbele ya waamini wake ni kuvunja heshima ya daraja takatifu, na kwamba toba ya hadharani huzaa unafiki. Pingamizi hili lina uzito. Uamsho wenyewe ulishuhudia baadhi ya waliookoka wakigeuka wakaguzi wa mavazi na maneno ya wenzao, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndugu wa Uganda waligawanyika kwa sababu ya kundi lililojiita Abazukufu, lililowaona wengine kuwa wamelala. Toba inapokuwa tiketi ya kuingilia, watu hujifunza kutubu dhambi zisizowagharimu.

Jibu ni kutenganisha mambo mawili. Mambo ya moyo, kama kishawishi, uchovu wa kusali na wivu kwa mtumishi mwenzake, yana haki ya faragha: kwa Wakatoliki katika kitubio na kwa mlezi wa kiroho, kwa wengine mbele ya ndugu wachache wanaoaminika. Mambo ya ofisi, kama fedha, uteuzi, likizo za watumishi na mali za kanisa, hayana faragha hiyo. Tatizo letu mara nyingi ni kuyageuza: kiongozi hulia madhabahuni kwa udhaifu wa moyo, huku daftari la mapato likiwa limefungiwa kabatini. Machozi hayo yaweza kuwa ya kweli, na bado yakaziba swali lililopaswa kuulizwa.

Mapendekezo

Mara haina haja ya kuagiza chombo kipya. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, zilizojaribiwa mapema katika parokia ya Nyarombo, kaskazini mwa mkoa, katika miaka ya 1960 kabla ya maaskofu wa Afrika Mashariki kuzifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, hukutanisha majirani kila juma. Makanisa ya Kiprotestanti yana vikundi vya ushirika na mabaraza ya wazee. Kasoro ni kwamba humo kiongozi huja kama mgeni rasmi. Inafaa awe mwanachama wa jumuiya moja, iwe Kitaji au Makoko mjini Musoma, au kijiji cha Butiama, akae humo bila kuongoza. Pili, achague watu watatu asiowalipa wala kuwapandisha cheo, akutane nao kila robo mwaka. Tatu, taarifa ya mwaka iongezwe sehemu moja ya maandishi, isomwe mbele ya baraza: ni uamuzi gani niliokuwa nao mwaka jana ambao sasa uko mikononi mwa mwingine?

Swali hilo la mwisho ndilo lililokosekana kwa miaka mingi baada ya Shirati. Linaunganisha toba na muundo, kwa sababu haliwezi kujibiwa kwa hisia; hujibiwa kwa jina la mtu na tarehe. Kiongozi atakayelijibu mwaka hadi mwaka atakuwa amewapa waamini wake ushahidi wa ukuaji wake ambao wao wenyewe wanaweza kuukagua.