Andrzejewski na Walimu Wake Wasomali

Bogumił Andrzejewski, Mpolandi aliyezaliwa Poznań mwaka 1922 na kufundisha SOAS, London, husifiwa kuwa mgeni aliyekimudu Kisomali kuliko wenzake. Sifa hiyo anaistahili. Swali ni aliipataje.

Sauti na toni za lugha hiyo zilikwisha kuelezwa na Lilias Armstrong mwaka 1934, kwa kuwasikiliza wasemaji waliokuwa London. Tuchukue neno *inan*: toni ya juu ikiwa kwenye silabi ya kwanza ni mvulana, ikiwa kwenye ya pili ni msichana. Tahajia rasmi ya mwaka 1972 haionyeshi tofauti hiyo, nasi tuliolelewa na Kiswahili, kisicho na toni bainishi, huenda tusiisikie kabisa.

Hata hivyo, sikio hufunzwa. Ushairi ni mgumu zaidi. *Gabay* hurudia sauti moja ya mwanzo tangu mshororo wa kwanza hadi wa mwisho, na msamiati wake umejaa maisha ya wafugaji wa ngamia. Hapo Andrzejewski alimtegemea Musa Galaal, ambaye wengine humwita mtoa data tu. Jina hilo halimfai. *Hikmad Soomaali* ya mwaka 1956 ni kitabu cha Galaal. Andrzejewski alikuwa mhariri wake. Mwaka 1963 walichapisha pamoja makala kuhusu malumbano ya kishairi, na baadaye Galaal aliandika peke yake juu ya nyota na majira ya wafugaji. Lakini *Somali Poetry* ya mwaka 1964, inayofahamika zaidi ughaibuni, ina majina mawili jaladani: Andrzejewski na I. M. Lewis.